Kabla Hatujauamini Mwanga: hotuba kuhusu kuvijaribu vihisi vya floresensi ndani ya damu na mkojo

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa maabara, na nyinyi wanafunzi mliokaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nitaanza na mrija mmoja wa mkojo.

Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu tulikuwa tumemaliza kutengeneza kihisi cha sitrati. Sitrati ni metaboliti, yaani mojawapo ya zile molekuli ndogo ambazo seli huzitengeneza na kuzivunja kila dakika katika shughuli ya kujipatia nguvu. Mkojoni ina kazi nyingine: huikamata kalisi isije ikaganda na kuwa mawe ya figo. Mwenye sitrati kidogo mkojoni yumo hatarini zaidi kupata mawe hayo, na aliyewahi kuyapata hahitaji kuelezwa kwa nini tulitaka kipimo cha haraka. Kihisi chetu kilikuwa cha floresensi, yaani cha kung'aa kinapopigwa mwanga: protini inayong'aa kijani inapoishika sitrati. Kwenye bafa safi, yaani maji ya maabara ambayo uchachu wake umedhibitiwa, kilifanya kazi vizuri mno. Tuliongeza sitrati kidogo kidogo, mwanga nao ukapanda kidogo kidogo, na mchoro uliotoka ulikuwa mzuri hata mwenzetu mmoja akaubandika ukutani.

Kisha tukaweka mkojo. Mwanga ukaruka juu kuliko nukta ya mwisho ya mchoro wetu. Tukafurahi, tukaandika namba daftarini. Saa kadhaa zilipita ndipo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akauliza: mkojo wenyewe, bila kihisi, unasoma ngapi? Hatukuwa tumeupima. Tulipoupima tukakuta unang'aa karibu sawa na ulivyong'aa ukiwa na kihisi. Aliyetoa sampuli alikuwa amemeza vidonge vya vitamini asubuhi ile, na riboflavini, yaani vitamini B2, ikipigwa na mwanga wa buluu hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi hadi 530. Protini yetu hutoa wake karibu na 510. Mashine haina njia ya kujua upi ni wa nani.

Nimesimama hapa kwa sababu ya swali la mwanafunzi yule. Ninalotaka kuwaambia leo ni kwamba kihisi kilichojaribiwa kwenye bafa peke yake bado hakijajaribiwa. Kazi ya kukijaribu huanza pale kinapokutana na damu, mkojo, mate, au rojo la seli zilizopasuliwa, kwa sababu huko ndiko tunakotaka kukitumia, na huko kila kitu kina rangi yake, chumvi yake na uchachu wake.

Kwa wale ambao hii si kazi yao ya kila siku, niseme kwa ufupi vihisi hivi vilikotoka. Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walichapisha habari za protini waliyoitoa kwa yavuyavu wa baharini, Aequorea victoria. Waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa ekworini, inayotoa mwanga wa buluu ikikutana na kalisi. Ile ya kijani waliiona pembeni tu, wakaitaja na kuendelea. Ilikaa hivyo miaka 30. Mwaka 1992 Douglas Prasher aliisoma jeni yake, na 1994 Martin Chalfie na wenzake wakaonyesha kwamba ukiiweka jeni hiyo ndani ya bakteria au ndani ya mnyoo mdogo, kiumbe huyo hung'aa mwenyewe bila kuongezewa kitu kingine kutoka kwa yavuyavu. Roger Tsien akazifanya rangi zikawa nyingi. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kutoka protini inayong'aa hadi kihisi ni hatua moja kubwa: kuufanya mwanga utegemee kitu fulani. Mwaka 1997 Atsushi Miyawaki, akiwa katika maabara ya Tsien, na wenzao walizifunga protini mbili za rangi tofauti kwenye ncha mbili za protini inayoshika kalisi. Kalisi ikishikwa, protini ya katikati hujikunja, rangi mbili zinasogeleana, na ya kwanza huanza kuipa ya pili nguvu yake badala ya kuitoa yenyewe kama mwanga. Nguvu hiyo huruka umbali wa nanomita chache tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, kasi ya kuruka hupungua mara 64. Kwa hiyo kujikunja kudogo sana kunaonekana. Mwaka 2002 maabara ya Wolf Frommer ikatumia njia hiyo kupima maltosi, kwa kuazima protini ambayo bakteria E. coli huitumia kukamatia sukari hiyo. Hapo mlango ukafunguka. Bakteria wana vikamatio vya karibu kila wanachokula, nasi tukaanza kuviazima: vya glukosi, vya glutameti, vya lakteti. Aina nyingine ya kihisi hutumia protini moja tu ya kijani iliyokatwa na kuungwa upya kwa namna ambayo mlango wake hufunguka na kufungika kadiri kikamatio kinavyoshika na kuachia. Kihisi chetu cha sitrati kilikuwa cha aina hii.

Napenda kuwakumbusha jambo moja la zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie alibuni njia ya kuwapima watoto wachanga ugonjwa wa fenilketonuria, ambao huharibu ubongo usipogunduliwa mapema. Alichukua tone la damu lililokauka kwenye karatasi, akaliweka juu ya bakteria waliozuiwa kukua. Fenilalanini, asidi amino inayojaa katika ugonjwa huo, ikiwa nyingi kwenye damu, kizuizi kinashindwa na bakteria wanamea kuzunguka karatasi. Kihisi kile hakikuwa na mwanga wowote wa ajabu, ila tangu mwanzo kilifanya kazi ndani ya damu halisi ya mtoto halisi. Ndiyo maana kiliokoa watu.

Sasa turudi kwenye mrija wetu.

Vitamini tuliishughulikia kwa kupima kila sampuli mara mbili, yenye kihisi na isiyo na kihisi, na kutoa moja kwa nyingine. Tukadhani tumemaliza. Lakini mkojo wa mtu mwenye afya unaweza kuwa na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ndogo ndiyo chachu zaidi, ya 4.5 au ya 8, kutegemea alichokula na saa aliyoamka. Protini ya kijani ni mwoga wa uchachu: kiini chake cha rangi kikipokea protoni, hakinyonyi tena mwanga wa buluu kama kawaida, na mng'ao unazimika kwa kiasi kikubwa. Sampuli chachu ikasomeka kama sampuli isiyo na sitrati. Fikirini maana yake kwa mgonjwa. Mkojo mchachu wenyewe una mambo yake katika habari ya mawe ya figo, halafu kihisi kinamwongezea upungufu wa sitrati ambao hana.

Hapa ndipo tulipojifunza kumtengeneza pacha bubu. Unachukua kihisi kile kile, unabadilisha asidi amino moja au mbili ndani ya kiganja kinachoshika metaboliti, hadi kisiweze kushika tena. Kila kitu kingine kinabaki. Pacha huyu hung'aa, huogopa uchachu, huonewa na chumvi, hufunikwa na rangi ya sampuli, kila linalompata mwenzake linampata, isipokuwa hili moja la kuiona sitrati. Ukimweka kwenye sampuli na mwanga wake ukabadilika, basi hayo mabadiliko hayakutoka kwa sitrati. Ningekuwa na uwezo wa kulazimisha jambo moja tu katika kazi yetu, ningelazimisha kila anayetoa kihisi kipya atoe na pacha wake bubu. Anayetumia kihisi bila pacha anakisia.

Wengine watasema: sisi tunatumia uwiano wa rangi mbili, kwa hiyo sampuli ikififisha mwanga, inafifisha zote sawa. Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na si ya kweli kwenye damu. Himoglobini hunyonya mwanga kwa nguvu kuliko kote karibu na nanomita 415, halafu tena kati ya 540 na 580. Bilirubini, ile inayoyafanya macho ya mgonjwa wa ini kuwa manjano, hunyonya karibu na 450. Hakuna hata moja kati ya hizo inayonyonya rangi zote kwa usawa. Kihisi kinachotoa mwanga wa samawati kwenye 475 na wa njano kwenye 527 kikiwekwa katika plazima ya manjano, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, rangi ya kwanza inaibwa zaidi ya pili, uwiano unahama, na hakuna molekuli hata moja iliyoshikwa. Chembe nyekundu chache zilizopasuka wakati wa kutoa damu, kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba au mkono ulivuta kwa haraka, zinatosha kuharibu siku nzima ya vipimo. Na protini za njano za mwanzo zilikuwa na udhaifu mwingine: kloridi, ambayo imejaa katika kila majimaji ya mwili, ilizipunguzia mwanga.

Dawa ya mengi kati ya haya ni kuzimua, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu ndipo uamuzi mkubwa wa kubuni kihisi ulipo.

Kila kihisi kina namba yake iitwayo Kd: kiwango cha metaboliti ambacho nusu ya vihisi huwa vimeshika. Metaboliti ikiwa moja ya kumi ya Kd, vilivyoshika ni asilimia 9 hivi. Ikiwa mara kumi ya Kd, ni asilimia 91. Nje ya eneo hilo kihisi karibu hakioni tofauti. Wengi wetu tulifundishwa kutafuta kihisi ambacho Kd yake inalingana na kiwango kilichomo mwilini, na kwa anayepima ndani ya seli hai, ambayo huwezi kuizimua, hilo ni sawa. Kwa anayepima sampuli kwenye mrija ni kosa. Chukua glukosi ya damu, milimola 5. Kihisi chenye Kd ya milimola 5 kinakulazimisha utumie damu karibu ilivyo, pamoja na rangi yake yote. Kihisi chenye Kd ya mikromola 10, na mikromola ni sehemu ya elfu ya milimola, kinakuruhusu uizimue mara 500. Glukosi inabaki mahali ambapo kihisi kinaona vizuri kuliko popote, na himoglobini, bilirubini, chumvi na uchachu vyote vimegawanywa kwa 500. Kihisi kinachoshika kwa nguvu ni ufunguo wa sampuli chafu. Sisi tulirudi tukabadilisha kiganja cha kihisi chetu hadi kikashika sitrati kwa nguvu zaidi, na miezi ile ilikuwa na faida kuliko miaka miwili iliyotangulia.

Kuna tahadhari moja. Ukizimua sana huku umeweka vihisi vingi, vihisi vyenyewe vitaimaliza metaboliti. Kiasi cha vihisi kwenye mrija kiwe chini sana ya Kd, ama hesabu yako iwe inakumbuka kile kilichokwisha kushikwa. Nimeona michoro mizuri inayopima, kwa kweli, idadi ya vihisi.

Baada ya kuzimua katika bafa yenye nguvu ya kuishikilia pH kwenye 7.4, tulifanya jaribio la kurudisha. Ni jaribio rahisi kuliko yote na linalokimbiwa kuliko yote. Sampuli inasoma milimola 2. Unaiongezea sitrati ya milimola 1 unayoijua, kwa hiyo isome 3. Ikisoma 2.6, basi katika ile 1 uliyoweka umerudishiwa 0.6, asilimia 60. Maabara nyingi huridhika na kati ya 80 na 120. Sisi tulikuwa chini ya hapo, na pacha bubu alikuwa ametulia kabisa. Hakukuwa na uchachu wala rangi ya kulaumu. Sitrati tuliyoiweka kwa mkono wetu ilikuwa imepotea.

Ilituchukua wiki kadhaa kukumbuka jambo ambalo nimelitaja mwanzoni mwa hotuba hii. Sitrati huikamata kalisi. Ndiyo kazi yake! Sehemu ya sitrati mkojoni imeshikana na kalisi, nyingine na magnesi, na kihisi chetu kilikuwa kinaiona ile iliyo huru tu. Tulipoongeza EDTA, ambayo huishika kalisi kwa nguvu zaidi ya sitrati, sehemu iliyopotea ikarudi. Bila shaka tulilazimika kurudia kila kitu na pacha bubu ili kuhakikisha EDTA haimgusi kihisi mwenyewe. Lakini swali lililobaki ni la kila mmoja wenu, metaboliti yoyote mnayoipima: kihisi chako kinasoma jumla, au kinasoma ile iliyo huru? Daktari anayepokea namba yako anadhani unampa ipi?

Naomba sasa niseme jambo zito. Halikutokea kwa vihisi vya floresensi, lilitokea kwa ndugu zao. Miongoni mwa vijiti vya kupimia sukari ya damu palikuwa na aina iliyotumia kimeng'enya kiitwacho GDH-PQQ. Kimeng'enya hicho hakibagui vizuri: husoma maltosi kama glukosi. Kwa watu wengi hilo halina madhara, kwa kuwa damu yao haina maltosi ya kutaja. Lakini wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumboni kwa majimaji yenye ikodekstrini huwa nayo, kwa sababu mwili huivunja ikodekstrini na kuwa maltosi. Kifaa kikaonyesha sukari iko juu wakati iko chini. Wakachomwa insulini. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikiwa imepokea taarifa za vifo 13. Kijiti kile kilikuwa kimepimwa. Kilikuwa sahihi kwa wengi. Hakikuwa sahihi kwa wale ambao damu yao ilibeba kitu ambacho bafa ya maabara haikuwa nacho.

Sasa kumbukeni kwamba kikamatio cha glukosi tulichokiazima kwa E. coli hushika na galaktosi pia, sukari nyingine. Mtoto mchanga mwenye galaktosemia, ambaye mwili wake unashindwa kuivunja sukari hiyo, ana galaktosi nyingi damuni. Ukimpima kwa kihisi hicho bila kulijua hili, unarudia kosa lile lile kwa rangi ya kijani. Kwa hiyo orodha ya vitu vya kujaribu dhidi ya kihisi haiwezi kuwa orodha ya vile vilivyo kwenye kabati lako. Kaa na daktari, muulize wagonjwa wake wanameza nini, wanachomwa nini, miili yao inashindwa kuvunja nini. Kazi hii haifanyiki peke yako kwenye benchi.

Mengine nitayapita haraka kwa kuwa yameandikwa vizuri kwingineko. Kikomo cha ugunduzi, yaani kiwango kidogo kabisa ambacho kihisi kinaweza kukiona, hupatikana kwa kupima sampuli tupu mara nyingi, kuchukua wastani na kuongeza mikengeuko sanifu mitatu, yaani mara tatu ya kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika. Muhimu ni kwamba hiyo sampuli tupu iwe mkojo au plazima isiyo na metaboliti, isiwe maji. Halijoto ya mashine iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sahani ya vishimo 96 huwa na tabia tofauti pembezoni, kwa sababu maji hukauka huko zaidi, basi usizipange sampuli za wagonjwa upande mmoja na za wazima upande wa pili.

La kutunza sampuli siwezi kulipita. Metaboliti si jiwe. Damu iliyotolewa bado ina chembe hai, nazo bado zina njaa: katika mrija uliokaa mezani bila kutenganishwa, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na lakteti hupanda. Floridi ya sodiamu inayowekwa kwenye mirija huzuia kimeng'enya kimoja tu cha njia ile, enolesi, kilicho karibu na mwisho, kwa hiyo vimeng'enya vya mwanzo huendelea kula glukosi kwa muda wa saa moja au mbili kabla breki haijashika. Kihisi bora duniani kitakupa kwa uaminifu mkubwa namba ya damu iliyokwisha kubadilika. Weka barafuni, tenganisha mapema, andika saa.

Na mwishowe kihisi kilinganishwe na njia inayoaminika, ambayo kwa metaboliti nyingi ni kromatografia pamoja na spektrometa ya masi, yaani kuzitenganisha molekuli na kisha kuzipima uzito, huku ukiweka kwenye sampuli metaboliti ile ile iliyotengenezwa kwa kaboni 13, kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, ili ikulinde dhidi ya upotevu. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee walisema, na mashine hiyo nzito ni mbachao wetu hadi kihisi kithibitike. Tafadhali msiniletee mchoro wa uhusiano peke yake. Kihisi kinachosoma nusu ya ukweli kila mara kina uhusiano kamili na ukweli. Mwaka 1986 Martin Bland na Douglas Altman walieleza hili katika jarida la The Lancet kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata: chora tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wao, uone zimetawanyika kiasi gani na zinaegemea wapi, kisha muulize daktari kama tofauti ya ukubwa huo ingebadilisha matibabu.

Ule mchoro wetu wa kwanza tuliuondoa ukutani. Uliopo sasa umetoka kwenye mkojo wa watu wengi, umezimuliwa, una EDTA, una pacha bubu chini yake kama mstari uliolala. Nukta zake zimetawanyika, na mbili kati yake ziko mbali na wenzake kwa sababu ambayo bado tunaitafuta. Mwanafunzi yule wa mwaka wa kwanza ndiye aliyeuchora. Nimekuja na nakala yake, iko hapa mezani. Njooni muuangalie, na mkiona tulipokosea mniambie leo hii kabla sijaondoka. Asanteni sana.